Mkanda Ukilia, Usiukimbilie Mkanda

Kama uko nyumbani, vuta kiti. Kama uko kwenye foleni, nina ombi ambalo mtu wa redio haliombi kila siku: nipunguze sauti. Usinizime, nipunguze tu, kwa sekunde chache, uisikilize injini yako.

Haya. Umesikia nini?

Kama umesikia muungurumo wa kawaida, hongera, endelea kunisikiliza kwa raha zako. Lakini najua kuna mtu huko Mbagala au Kimara, Moshi au Mwanza, aliyesikia kitu kingine. Kuna kitu kinalia chwi, chwi, chwi kutoka upande wa mikanda. Au ni ule mlio wa alfajiri, akiwasha gari tu, wiiii, mtaa mzima unajua fulani anakwenda kazini. Au ni mkwaruzo mzito, krrrr, unaopanda kila anapokanyaga mafuta. Na bila shaka ameshaambiwa na watu wawili watatu: “Huo mkanda tu huo. Nunua mkanda, yaishe.”

Leo nazungumza na mtu huyo. Tutazungumzia mkanda unaopiga kelele na pampu ya maji, ile ambayo mafundi wetu wanaiita wota pampu. Vitu hivi viwili vimefungamana, na mara nyingi ugonjwa wa kimoja unasikika kwa mwenzake. Nina neno moja tu, nitalirudia mpaka unichoke: usinunue mkanda kabla hujauvua mkanda. Sikiliza vizuri, sijasema usinunue. Nimesema uvue kwanza.

Wenye bodaboda na bajaji leo mnaweza kunywa chai. Injini zenu nyingi hupozwa na upepo, hazina pampu ya maji. Sisi wengine tufungue boneti.

Injini imezimwa na imepoa. Chukua IST au Probox yenye injini ya 1NZ, maana hizo zimejaa kila kona. Ubavuni mwa injini utaona puli kadhaa zimezungukwa na mkanda mweusi wenye mifereji upande wa ndani. Puli kubwa ya chini ni ya krenki, na hiyo ndiyo inayozungushwa na injini yenyewe. Nyingine zote zinaburutwa na mkanda. Kuna ya oltaneta, inayochaji betri. Kuna ya kompresa ya AC. Na kuna ya wota pampu.

Sasa hiyo pampu ndani ina nini? Ina shafti, ina beringi inayoibeba shafti, ina pangaboi dogo linalosukuma maji, na ina sili inayozuia maji yasiifikie beringi. Basi. Si mtambo wa kutisha. Kazi yake ni kuyachukua maji yaliyopozwa kwenye rejeta, kuyapitisha kwenye injini yabebe joto, kisha kuyarudisha rejeta yakapoe tena. Mchana kutwa, bila kupumzika, kila injini inapozunguka.

Na kuna kitu kimoja ambacho wenye magari wengi hawajawahi kukiona, ingawa kimewekwa kwa ajili yao. Kati ya sili na beringi, mtengenezaji ameacha tundu dogo kwenye mwili wa pampu, upande wa chini. Tundu hilo si kasoro. Sili ikianza kuchoka, maji yanayoipita yanatokea pale, ili yasiingie kwenye beringi na ili wewe mwenye gari uyaone. Kwa hiyo fundi makini, kabla hajashika spana, anatafuta tundu hilo. Siku hizi ni rahisi: washa tochi ya simu, ipenyeze simu yenyewe chini ya puli, piga picha, kisha uikuze. Utaona nini? Kama pampu ni nzima, utaona chuma kikavu chenye vumbi. Kama inaumwa, utaona mchirizi uliokaukia pale: mwekundu au wa waridi kama umeweka kulanti ya rangi hiyo, wa kijani kama ni ya kijani, na mweupe wa chumvichumvi kama wewe ni wale wa kujaza maji ya bomba. Mchirizi huo hauhitaji mjadala. Hata kama leo hakuna tone linalodondoka, maji yalishapita, na yatapita tena. Tone huwa halionekani kirahisi kwa sababu injini ikiwa ya moto maji yanakauka kabla hayajafika chini, na ndiyo maana mtu anakuapia kwamba gari lake halivuji, sakafu ya gereji ni kavu, na huku kila wiki anaongeza maji.

Nirudi kwenye kelele. Mkanda, ndugu msikilizaji, ni kama konda wa daladala. Kelele zote za gari anasikika yeye, lawama zote anabeba yeye, hata kama aliyekosea ni mwingine kabisa. Mkanda ni mpira tu. Wenyewe haulii bila sababu. Unalia kwa sababu umelegea, umezeeka, umelowa kitu, puli hazijakaa mstari mmoja, au kuna puli mojawapo inayogoma kuzunguka. Sababu tano hizo, na katika zote tano kununua mkanda mpya kunatibu moja tu kwa uhakika. Ile ya uzee.

Tuanze na masikio. Mlio mrefu wa wiiii, hasa asubuhi au baada ya mvua, hasa ukiwasha taa kubwa au AC, huo kwa kawaida ni mkanda unaoteleza. Oltaneta au kompresa imeongezewa mzigo, mkanda hauna mkazo wa kutosha, unateleza juu ya puli. Mlio wa kukatakata, chwi, chwi, chwi, unaokwenda sawa na mzunguko wa injini, mara nyingi ni puli zilizopishana mstari, au mkanda wenye jeraha sehemu moja, na kila sehemu hiyo inapopita unasikia. Mkwaruzo au ngurumo nzito, krrrr, huo si wa mpira. Huo ni wa chuma. Hiyo ni beringi: ya wota pampu, ya oltaneta, ya kompresa, au ya puli ya kukazia mkanda kama gari lako linayo. Ukisikia krrrr, halafu mtu akakuuzia mkanda, amekuuzia kitu usichokihitaji.

Kuna jaribio la maji ambalo halina gharama. Injini ikiwa inazunguka bila kukanyagwa, chukua chupa yenye kitundu kwenye kifuniko, simama mbali kidogo, unyunyize maji kidogo tu upande wa mkanda wenye mifereji. Kelele ikizidi, mkanda unateleza, angalia mkazo. Kelele ikinyamaza kwa muda kisha ikarudi, tazama mstari wa puli na uchakavu wa mkanda wenyewe. Na isipobadilika hata kidogo? Basi anza kuzishuku beringi.

Hapo naomba nitoe onyo kabla sijasahau. Ukiwa karibu na mkanda unaozunguka, hakuna mtandio unaoning'inia, hakuna tai, hakuna mkono wa kanzu, hakuna bangili. Na kwenye magari yenye feni ya umeme, feni inaweza kujiwasha yenyewe hata kama umeshazima injini, kwa sababu maji bado ni ya moto. Vidole vya mafundi kadhaa vimepotelea hapo.

Sasa jaribio lenyewe, lile ninalolihubiri. Vua mkanda.

Kwenye injini kama hii ya 1NZ, mkanda unakazwa na kulegezwa kwa kuisogeza oltaneta. Fundi analegeza boliti mbili, mkanda unatoka. Si kazi ya nusu siku. Mkanda ukishatoka, washa injini kwa sekunde 20 au 30, usizidishe, kwa sababu sasa pampu haizunguki na hakuna maji yanayotembea. Taa ya betri itawaka kwenye dashibodi, usishtuke, oltaneta nayo imelala. Sikiliza. Kelele bado ipo? Basi haina uhusiano na mkanda wala na kitu chochote kinachozungushwa na mkanda; iko ndani ya injini, na hiyo ni habari nyingine, ya siku nyingine. Kelele imekwisha? Zima. Sasa umeshawabana watuhumiwa kwenye chumba kimoja.

Shika puli moja moja kwa mkono. Ya wota pampu uizungushe taratibu. Beringi nzima inazunguka laini, kwa uzito kidogo, kimya. Beringi inayokufa unaisikia kwenye vidole kabla ya kuisikia masikioni: kuna vimchanga ndani, inakwamakwama. Kisha ishike puli hiyohiyo juu na chini, uitikise, kama inacheza, kama unahisi tak-tak, pampu imekwisha. Haina matengenezo hapo, ni kubadilisha. Fanya hivyohivyo kwa oltaneta. Fanya kwa kompresa. Dakika tano, na mwenye hatia amejulikana.

Juzi nilikuwa kwenye gereji moja ya chini ya mwarobaini kule Tabata. Kijana, dereva wa teksi za mtandaoni, amekuja na mkanda mpya mkononi, bado uko kwenye karatasi yake. Fundi, mzee wa makamo, akaupokea, akauweka juu ya betri, hakuufungua. Akauvua wa zamani, akazungusha puli ya pampu, kisha akauchukua mkono wa yule kijana akauweka palepale kwenye puli. “Zungusha wewe.” Kijana akazungusha, uso ukabadilika. Hakuna aliyemweleza kitu. Ule mkanda mpya ulifungwa, ndiyo, lakini baada ya pampu mpya. Ninampenda fundi wa namna hiyo, anayekuwekea mkono wako kwenye ushahidi. Na wewe msikilizaji una haki hiyo popote unapopeleka gari. Fundi akikwambia pampu imekufa, mjibu kwa adabu: fundi, nionyeshe.

Kwa nini nalikazania jambo hili hivi? Kwa sababu ya kinachotokea pale watu wasipouvua. Mkanda unalia. Fundi wa haraka anachukua spana, anaivuta oltaneta, anaukaza mkanda. Kelele inapungua. Umefurahi, umelipa, umeondoka. Wiki mbili, unalia tena. Unakazwa tena, safari hii zaidi. Sasa mkanda umekaza kupita kiasi, na kila unapozunguka unaivuta shafti ya wota pampu pembeni, usiku na mchana. Beringi iliyokuwa na miaka yake kadhaa mbele inachakaa upesi. Beringi ikilegea, shafti inayumba. Shafti ikiyumba, sili inaachia. Sili ikiachia, maji yanatoka, yanaosha grisi ya beringi, na mengine yanarukia kwenye mkanda. Na mkanda uliolowa kulanti unafanya nini? Unateleza, unalia. Na mwenye gari anasema: jamani, mbona mkanda wenyewe mpya?

Umeuona mzunguko huo? Tumeanza na kelele ya mkanda, tukaua pampu, tukarudi kwenye kelele ya mkanda.

Mkazo sahihi ukoje? Kila gari lina kipimo chake, na fundi mwenye kifaa cha kupimia atumie kifaa. Asiye nacho, abonyeze kwa dole gumba katikati ya nafasi ndefu kati ya puli mbili. Ukibonyea kiasi cha sentimita 1 hivi, uko karibu na palipo sahihi. Ukigonga na kukuta mgumu kabisa, umezidi.

Na sabuni? Nilijua utaniuliza. Sabuni ya mche, mshumaa, grisi, mafuta ya kupulizia, yote nimeyaona yakipakwa kwenye mkanda. Kelele inanyamaza, kweli, kwa siku moja au mbili. Mafuta na grisi vinaulainisha mpira na kuuvimbisha, na mkanda uliopakwa mafuta utateleza zaidi ya ulivyokuwa. Unachokuwa umefanya ni kumnyamazisha shahidi wakati kesi bado inaendelea.

Tusonge. Kuna pampu inayokufa bila kelele, na hii ndiyo ya hatari zaidi. Haivuji, haikwaruzi, puli inazunguka vizuri. Lakini ndani, lile pangaboi limeliwa. Limeliwa na nini? Na kutu. Miaka na miaka ya kujaza maji matupu ya bomba au ya kisima. Kulanti si maji yaliyotiwa rangi kwa ajili ya kupendeza. Ina dawa ya kuzuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Watu wanasema sisi hatuna barafu, kulanti ya nini? Kwetu ni kwa ajili ya kutu na kuchemka. Kwenye maji matupu chuma kinaoza polepole, mabawa ya pangaboi yanapungua, na siku moja pampu inazunguka ndani ya maji bila kuyasukuma sawasawa.

Utaijuaje hiyo? Sikiliza gari linachemsha wapi. Hili naomba uliandike. Kama linachemsha kwenye foleni, pale Buguruni umesimama dakika 10, lakini ukipata barabara linapoa, shuku feni kwanza: upepo haupo. Kama kwenye foleni liko sawa, lakini ukipanda Kitonga kwenda Iringa, au Sekenke kule Singida, mshale unapanda, hapo shuku maji hayatembei vya kutosha: pampu iliyoliwa, au rejeta iliyoziba. Na kama uko nyanda za baridi, Mbeya au Njombe, ambako hita inatumika kweli, una kipimo kingine: injini ni ya moto lakini hita inatoa baridi. Ama maji yamepungua, ama hayazunguki.

Na kwa kuwa nimeitaja Mbeya. Mji ule uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kinachotuokoa ni kile kifuniko cha rejeta, ambacho kwenye magari mengi kimeandikwa 0.9 au 1.1. Namba hiyo ni shinikizo. Kifuniko kizima cha 1.1 kinayazuia maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 120. Sasa wewe umebadilisha pampu, mkanda na rejeta, lakini kifuniko ni kilekile kilichopasuka mpira. Gari litachemsha, na pampu mpya italaumiwa bure.

Hapa nigusie tabia nyingine inayonikera kuliko hata sabuni: kung'oa themostati. “Toa hiyo, bosi, ya nchi za baridi hiyo.” Umeshaambiwa? Themostati inakaa imefunga mpaka maji yafike nyuzi 80 na kitu, kisha inafungua njia ya kwenda rejeta. Ukiing'oa, gari linaweza kuonekana limepona kwa muda, kwa sababu sasa maji yanapita wakati wote. Lakini pampu dhaifu imefichwa tu. Injini inatembea ikiwa baridi kuliko inavyotakiwa, inakula mafuta zaidi. Na kwenye injini ambazo themostati hiyohiyo ndiyo inayofunga njia ya mkato, ukiing'oa, sehemu ya maji inapita njia ya mkato bila kufika rejeta kabisa, na mlimani unachemsha zaidi ya mwanzo. Kama themostati ni mbovu, weka nyingine. Mahali pake pasiachwe patupu.

Wenye Noah za zamani, zile SR40 za injini ya 3S, mtasema: mbona mimi nimefungua boneti na wota pampu siioni? Hamtaiona. Kwenye injini hiyo pampu imefichwa nyuma ya kava, inazungushwa na taimingi belti, ule mkanda wa ndani wenye meno. Kwa hiyo kuvua mkanda wa nje hakutakwambia lolote juu ya pampu yenu. Nyinyi tazameni mchirizi chini ya kava, na mkibadilisha taimingi belti, badilisheni na pampu hapohapo. Gharama kubwa iko kwenye kufungua. Kufungua mara mbili kwa kubana fedha ya pampu ni hesabu mbaya.

Haya, sasa uko njiani na mambo yameharibika. Taa ya betri imewaka ghafla, usukani huenda umekuwa mzito, na joto linaanza kupanda. Hiyo ni nini? Mkanda umekatika. Wengi wanafikiri ni betri tu, wanasema nitafika, nyumbani si mbali. Kwenye gari ambalo mkanda huohuo unazungusha pampu, hufiki. Kaa pembeni, zima. Magari mengi madogo ya siku hizi hayana hata mshale wa joto. Yana taa ya buluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikishachemka. Nyekundu ikiwaka, hujaonywa mapema, umeonywa mwisho. Simama.

Na mwenye mshale asiuamini kupita kiasi. Kile kinachopima joto kinatakiwa kiwe ndani ya maji. Maji yakiisha yote, kinaning'inia kwenye mvuke na hewa, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Nimewasikia madereva wakisema: “Ulipanda, halafu ukashuka wenyewe, nikaendelea.” Ulishuka kwa sababu maji yalikwisha. Baada ya hapo ni silinda hedi kupinda, gasketi kuungua, mafuta ya injini yenye rangi ya maziwa, na bili ambayo ingenunua wota pampu kadhaa.

Ukishasimama, usifungue kifuniko cha rejeta. Narudia, hata kama kuna mtu barabarani anayekwambia funika na kitambaa ufungue. Usifungue. Maji yaliyomo yamezidi nyuzi 100 na yameshikiliwa na kifuniko hicho tu. Ukikilegeza yanakurukia usoni na kifuani. Subiri mpaka uweze kushika mpira wa juu wa rejeta bila kuuachia, nusu saa au zaidi. Na usimwagie injini ya moto maji baridi, chuma kinaweza kupasuka.

Tumalizie kwenye duka la spea. Mkiwa Gerezani au Shaurimoyo mtaona pampu za kila bei, na mtaona pampu zilizotumika, zilizokuja na shehena za Dubai na Sharjah. Kuna spea nyingi za mtumba ninazozikubali: mlango, taa, hata oltaneta ikipimwa mbele yako. Wota pampu siikubali. Sili iliyokaa kavu kwenye kontena na rafuni imeshakakamaa, na hakuna jicho linaloweza kuiona. Nunua mpya. Nenda na ya zamani mkononi, linganisha matundu ya boliti, urefu wa shafti, upana wa puli. Zungusha kwa mkono palepale dukani. Ikikwama au ikicheza, irudishe hapohapo.

Wakati wa kufunga, msimamie fundi kwa heshima kwenye mambo mawili. Asijaze silikoni. Uzi mwembamba tu pale inapohitajika, na kama pampu imekuja na gasketi, itumike gasketi. Silikoni iliyozidi inaminyika kwa ndani, inakatika vipande, inakwenda kuziba mirija ya rejeta. Na la pili, hewa itolewe kwenye mfumo: gari lisimame pua ikiwa juu kidogo, hita ifunguliwe ya moto, kifuniko kiachwe wazi tangu injini ikiwa baridi, maji yaongezwe mpaka themostati ifungue na vipovu viishe. Hewa iliyobaki ndani itakufanya uamini pampu mpya ni feki.

Muda wangu umekwisha, mtayarishaji ananionyesha saa. Kazi niliyokupa ni ya kesho asubuhi. Kabla hujawasha gari, fungua boneti, tazama kichupa cha maji ya akiba, chora mstari kwa kalamu pale maji yalipofika, kisha uandike tarehe. Tazama tena Jumapili ijayo, asubuhi, injini ikiwa baridi. Yakiwa yameshuka chini ya mstari, yametoka mahali fulani, na mahali pa kwanza pa kutazama ni lile tundu dogo chini ya pampu. Wiki ijayo tutazungumzia breki zinazotetemesha usukani. Endesha salama, msikilizaji, na usiku mwema.